Lalamiko Lifike kwa Mwenye Nembo

Msimu wa 2015/16 ulipofungwa, timu tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na zote tatu zilikuwa za Mkoa wa Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mkoa uliotoa bingwa wa 1988 ukabaki bila timu hata moja. Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga, watu walitafuta mchawi wiki hadi wiki. Wakalaumiwa makocha, wakalaumiwa waamuzi, wakalaumiwa viongozi wa klabu na wakubwa wa mkoa, na wapo waliowalaumu wachezaji kwa mambo yasiyoandikika hapa. Katika lawama zote hizo kuna mtu mmoja hakuguswa: mwenye nembo, yaani mdhamini. Yule ambaye jina lake lilikuwa kifuani mwa jezi au mbele ya jina la ligi alichukuliwa kama mgeni wa heshima arusini. Kaleta zawadi, kala pilau, kaaga. Hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Mimi nadhani huyo ndiye wa kuulizwa kwanza. Si kwa sababu yeye ndiye mbaya. Ni kwa sababu kati ya watu wote wanaoshika fedha za soka letu, yeye peke yake anatuhitaji sisi mashabiki kila siku ya Mungu, na si siku ya uchaguzi tu.

Angalia njia ambazo shabiki wa kawaida wa Tanga anazo akitaka klabu yake ibadilike. Ya kwanza ni uanachama. Kwenye karatasi, klabu kama Coastal au African Sports ni mali ya wanachama, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Lakini mkutano mkuu unaitishwa na viongozi walewale unaotakiwa kuwahoji, na kila aliyewahi kuufuatilia uchaguzi wa klabu za mikoani anajua jinsi kadi zinavyoongezeka ghafla uchaguzi ukikaribia, kisha wenye kadi hizo wasionekane tena mpaka uchaguzi mwingine. Shabiki wa Makorora anayelipa kiingilio kila mechi hana kura. Mwenye kadi ya kulipiwa anayo.

Njia ya pili ni kwenda juu: TFF, yaani shirikisho la soka la Tanzania, Bodi ya Ligi, Baraza la Michezo la Taifa, hata wizarani. Hapa ndipo tunapopenda sana kukimbilia, na ndipo ukuta ulipo mrefu zaidi. FIFA haitaki serikali iingilie mashirikisho ya soka, na haitanii. Waulize majirani. Novemba 2021 serikali ya Kenya ililivunja shirikisho la soka la nchi hiyo kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Kifungo hicho kilidumu hadi Novemba. Waliotuhumiwa ni viongozi, waliokosa mechi za kimataifa ni wachezaji. Waziri yeyote mwenye akili timamu akiikumbuka habari hiyo atafikiri mara mbili kabla ya kugusa shirikisho, hata pale anapoona kwa macho yake kwamba mambo hayaendi.

Mdhamini hana ukuta huo. Akiuliza fedha yake imetumikaje, hilo ni suala la mkataba kati ya pande mbili zilizotia saini, wala si siasa. Akisema hatatoa awamu inayofuata mpaka aone hesabu zilizokaguliwa, hakuna mtu makao makuu ya FIFA, Zürich, atakayeandika barua ya onyo. Swali ambalo waziri halithubutu, meneja masoko wa benki anaweza kuliuliza kwenye kikao cha saa moja, na akajibiwa.

Na yametokea. Mei 2015 maofisa wa FIFA walikamatwa hotelini Zürich kwa tuhuma za rushwa. Sepp Blatter, aliyekuwa rais, alichaguliwa tena siku mbili baadaye, akatangaza ataachia ngazi, kisha akaendelea kukaa ofisini akisubiri uchaguzi mpya. Vyama vya soka vilipiga kelele, magazeti yakaandika, yeye yupo. Tarehe 2 Oktoba 2015 wadhamini wanne, Coca-Cola, McDonald's, Visa na kampuni mama ya Budweiser, walitoa taarifa siku moja wakimtaka aondoke mara moja. Akagoma kupitia wakili wake. Siku sita baadaye kamati ya maadili ya FIFA yenyewe ikamsimamisha, na kabla mwaka haujaisha akafungiwa miaka mingi kujihusisha na soka. Sisemi wadhamini ndio waliomwangusha. Waendesha mashtaka wa Uswisi na Marekani walikuwa wameshaifanya kazi kubwa. Ninachosema ni kwamba baada ya siku ile hakuna tena aliyeweza kudai kwamba Blatter ana ugomvi na waandishi wa habari tu.

Tusiwasifu kupita kiasi, hata hivyo. Kampuni hizo zilikaa na FIFA miaka na miaka ya minong'ono ya bahasha, na hata baada ya watu kukamatwa zilichukua miezi minne kutamka sentensi moja. Adidas, aliyekaa na FIFA muda mrefu kuliko wote, hakujiunga nao. Zilisema pale tu kunyamaza kulipoanza kuzigharimu. Na hapo ndipo kazi ya shabiki inapoanzia: kumfanya mdhamini aone kwamba ukimya una bei.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni wa kriketi ya Afrika Kusini, ingawa kriketi hapa Tanga ni mchezo wa wachache. Mwishoni mwa 2019 chama cha kriketi cha nchi hiyo kilikuwa kwenye vurugu: wachezaji wana kesi nacho, waandishi wanafungiwa kuingia uwanjani, mtendaji mkuu anasimamishwa kazi. Standard Bank, mdhamini wa timu ya taifa, akatangaza hataongeza mkataba utakapoisha Aprili 2020. Momentum, aliyekuwa akidhamini mechi za siku moja, hakuondoka kwa kishindo. Alianza kwa kudai uongozi ubadilike, na baadaye akapunguza udhamini wake. Ilichukua muda. Oktoba 2020 bodi nzima ilijiuzulu. Kati ya wadhamini hao wawili mimi namwona Momentum kuwa ndiye aliyetufundisha zaidi, kwa sababu alibaki chumbani na aliyasema masharti yake. Anayetoka nje anasikika mara moja tu, mlango unapofungwa.

Hapo pana jambo ambalo wanaharakati wa michezo hulikosea mara nyingi. Wakikasirika wanapaza sauti: mdhamini ajitoe! Waulize klabu za Kenya maana ya mdhamini kujitoa. SportPesa alipovunja udhamini wake kwa sababu ya mgogoro wa kodi, viongozi wa soka walibaki viongozi. Walioteseka ni wachezaji waliokaa bila mishahara. Nasi tuna letu. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yetu ilichezwa bila mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Huo ndio msimu Coastal iliporudi Ligi Kuu, na mtu wa Tanga anajua maana ya kusafiri kwa basi hadi Bukoba au Mbeya huku nauli ikitafutwa kwa michango. Mkono mtupu haulambwi, na timu isiyo na mdhamini haimpigi mtu kwa maneno matupu. Kwa hiyo ninachoomba si mdhamini aondoke. Abaki, lakini aulize.

Sasa tuje nyumbani. Nani hasa tumwandikie?

Jina la kwanza linalokuja ni benki ya NBC. Tangu 2021 ndiyo mdhamini mkuu wa ligi, na 2023 iliongeza mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya shilingi bilioni 32.6, ikibeba Ligi Kuu, Championship (ligi ya daraja la chini yake) na ligi ya vijana. Watu wengi wanaiona kama benki ya matajiri wa Dar es Salaam. Wangeangalia umiliki wake wangeshangaa. Absa ya Afrika Kusini ina asilimia 55, Serikali ya Tanzania ina asilimia 30, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye sekta binafsi, ina asilimia 15. Maana yake muuza madafu wa Chumbageni, kupitia serikali yake, ana kipande katika benki inayodhamini ligi anayoitazama. Na wale wabia wawili wengine wanatoka kwenye dunia ambayo kila taasisi ina kitabu kinene cha utawala bora. Swali la "hesabu zilizokaguliwa ziko wapi?" halitawashtua. Wanaliuliza kila robo mwaka kwa wakopaji wao. Kinachoshangaza ni kwamba wanakopesha kiwanda kwa masharti kurasa hamsini, lakini kwenye soka wanaridhika na picha ya kukabidhi hundi ya mfano.

Lakini kama ni suala la nguvu ya fedha, NBC siyo mkubwa kuliko wote. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukigawa kwa mwaka unapata zaidi ya bilioni 22, dhidi ya bilioni sita na nusu hivi za NBC. Anayetoa mara tatu na zaidi ndiye mwenye sauti nene. Tatizo ni kwamba familia inayomiliki kampuni hiyo ina timu yake ndani ya ligi, Azam FC. Siku Azam Media ikisema "klabu fulani isilipwe mpaka ionyeshe mikataba ya wachezaji wake", hata kama ni haki tupu, nusu ya nchi itasema wanaitafutia timu yao pointi. Sidhani inafaa kuwa ya kwanza kusema. Inaweza kuwa ya pili.

Mgongano wa maslahi siyo jambo la kufikirika hapa kwetu. Novemba 2021 TFF ilitangaza kampuni ya GSM kuwa mdhamini mwenza wa ligi kwa shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. GSM ndiye mdhamini wa Yanga. Simba wakakataa kuvaa nembo yake, na ukisahau ushabiki kwa dakika moja utaona walikuwa na hoja: unamvalishaje mtu tangazo la tajiri wa mpinzani wake? Mvutano ukaenda hadi Februari 2022, GSM akajitoa. Klabu nyingine zilizokuwa zikiisubiri fedha ile, na ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu, zikabaki zinatazamana. Hakuna aliyeshinda pale. Shirikisho lilisaini kabla ya kuwauliza watakaoivaa nembo yenyewe.

Nayasema haya ili mtu asidhani nawahubiria wadhamini kuwa malaika. Mdhamini mwenye sauti anaweza kuwa hatari kuliko kiongozi mbovu. Kiongozi ana kikomo cha muda, lakini mwenye fedha unamtoaje? Ndiyo maana serikali iliweka utaratibu kwamba klabu za wanachama zikiingia kwenye uwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Sheria hiyo inamhusu mwenye hisa. Mdhamini hana hisa, ana mkataba tu, kwa hiyo anaweza kuwa na mkono mrefu bila kuonekana popote kwenye katiba ya klabu. Anaweza kumpangia kocha. Anaweza kudhamini timu mbili zinazokutana Jumamosi. Akianza kuulizia nani apangwe namba tisa, hapo tumefuga chui.

Basi shinikizo letu liwe na mipaka, na mipaka hiyo iwe finyu. Mdhamini asiulizwe kuhusu kikosi, usajili wala mwamuzi. Aulizwe kuhusu fedha, watu na usalama, mambo ambayo yeye mwenyewe kwenye kampuni yake anayafanya kila siku na hawezi kusema hayajui.

Fedha kwanza. Sharti la kwanza liwe dogo hata lionekane la kijinga: klabu inayopokea mgawo wa udhamini itoe hadharani, mara moja kwa mwaka, hesabu zilizokaguliwa. Hadharani, siyo kwenye kabati la katibu. Klabu zetu nyingi zinajua zimeingiza kiasi gani mlangoni siku ya Simba na Yanga. Tatizo ni kwamba wanaojua ni watu watatu. Coastal ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Julai 2022 pale Arusha, ikatoka sare ya 3-3 na Yanga kabla ya kufungwa kwa penalti, Abdul Sopu alifunga mabao yote matatu na muda si mrefu akaenda Azam. Kuuza mchezaji si dhambi, ndiyo biashara ya klabu ndogo duniani kote. Lakini shabiki aliyepanda basi hadi Arusha ana haki ya kujua, bila kuhonga mtu soda, fedha za mauzo ya aina hiyo hununua nini: viatu vya vijana, deni la hoteli, au nini.

Halafu mishahara. Hapa ndipo ningeweka nguvu zote kama ningeruhusiwa sharti moja tu. Mchezaji asiyelipwa miezi mitatu ni mlango ulio wazi kwa kila mwenye nia mbaya, na katika ligi ambayo nembo za kampuni za kubeti zimejaa kwenye jezi, wenye nia mbaya hawakosekani. Tusijifanye hatukumbuki 2016, mwaka uleule wa msiba wetu, pale mechi za mwisho za Ligi Daraja la Kwanza zilipokwisha kwa mabao saba na manane, na TFF ikaziadhibu Geita, Polisi Tabora, JKT Oljoro na JKT Kanembwa kwa kupanga matokeo. Kampuni ya kubeti ina kila sababu ya kibiashara kutaka mchezaji alipwe kwa wakati, maana mechi ikiuzwa yeye ndiye anayelipa wateja walioambiwa matokeo mapema. Ukimwandikia kwa lugha ya huruma atakutumia salamu. Mwandikie kwa lugha ya hasara, utaitwa kikaoni. Na sharti lenyewe si gumu: awamu ya fedha itoke baada ya chama cha wachezaji au Bodi kuthibitisha kwamba mishahara ya miezi iliyopita imelipwa.

Watu watasema masharti ya namna hiyo yatazishinda klabu ndogo. Sijui. Waliposema CAF, shirikisho la soka la Afrika, inataka kila klabu inayoingia mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake, tuliambiwa hivyo hivyo, kwamba haiwezekani, kwamba ni mambo ya Ulaya. Zikaundwa. Nyingine ziliundwa kwa kuunga unga, ndiyo, lakini leo kuna binti analipwa kucheza mpira ambaye zamani angeishia kushangilia jukwaani. Sharti lililofungwa kwenye kitu ambacho kiongozi anakitamani hutekelezwa haraka kuliko semina kumi za utawala bora pale Mkonge Hotel.

Kuhusu uwanja sitachukua muda mrefu. Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, ni mali ya chama tawala, CCM, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoa, na kila anayejaribu kuzungumzia ukarabati wake anajikuta kwenye siasa kabla hajamaliza sentensi. Mwaka 2023 ulitosha kupokea fainali ya Kombe la Shirikisho na Ngao ya Jamii, mji ukajaa wageni mpaka vitanda vikaisha. Msimu wa 2024/25 Coastal ikawapokea Simba na Yanga Arusha, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ngamiani, eti nyumbani. Mama lishe wa nje ya geti la Mkwakwani hakupata kitu. Mdhamini anayelipia bango pembeni mwa uwanja anaweza kusema kwa upole kabisa kwamba bango lake alilitaka Tanga. Kwa mwenye uwanja, sauti hiyo haina chama.

Kuna funzo jingine ambalo watu wa Tanga tumelipata bila kulitafuta, nalo limetoka Chongoleani, ufukweni mwa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale. Wanaolipinga duniani waligundua mapema kwamba kuiandikia kampuni ya mafuta ya TotalEnergies peke yake ni kumpigia mbuzi gitaa. Wakawaandikia mabenki. Wakaandikia kampuni za bima. Wakanunua hisa ili wapate haki ya kusimama kwenye mikutano ya wanahisa. Benki kadhaa kubwa zikatamka hadharani kwamba hazitaukopesha mradi. Mimi kuhusu bomba lenyewe nina maoni yangu na si hapa pa kuyasema. Nina ndugu waliopata kazi kule na nina wasiwasi wangu kuhusu bahari. Lakini mbinu ni mbinu. Mwaka 2024 Coastal ilipoingia Kombe la Shirikisho Afrika na kutolewa na Bravos do Maquis ya Angola, mashindano yale yalikuwa na jina la kampuni hiyohiyo, kwa sababu TotalEnergies ni mdhamini wa CAF tangu 2016. Kampuni inayolilaza bomba kwenye ufuko wetu ndiyo iliyokuwa juu ya bango la mechi yetu. Ni mkoa gani mwingine nchini una mdhamini wa soka la Afrika nzima kama jirani wa nyumba? Na hatujawahi kumwuliza swali hata moja la mpira.

Nguvu ya kumwendea anayemfadhili mfadhili ilionekana vizuri zaidi Marekani mwaka 2020. Timu ya soka la Kimarekani ya Washington ilikuwa na jina ambalo Wahindi Wekundu walilipinga kwa miongo kadhaa kama tusi kwao, na mmiliki aliapa hatalibadilisha kamwe. Kisha kundi la wawekezaji wenye mitaji ya jumla ya dola bilioni 620 likaziandikia FedEx, Nike na PepsiCo zilizokuwa zikifanya biashara na timu ile. Tarehe 2 Julai FedEx, ambayo jina lake lilikuwa kwenye uwanja, ikaitaka timu rasmi ibadilishe jina. Tarehe 13 Julai timu ikatangaza inaliacha. Miongo ya maandamano, kisha siku kumi na moja. Bila yale maandamano ya miongo, hata hivyo, hakuna mwekezaji ambaye angeandika chochote.

Sasa barua yenyewe. Wengi wataiandika vibaya, nami niseme mapema. Wataanza na "tunasikitishwa sana", wataorodhesha makosa kumi na tano ya uongozi tangu enzi za Mwinyi, na watamaliza kwa kutishia kufunga akaunti. Ofisa wa masoko akiisoma ataipeleka idara ya sheria, na ikifika huko imekufa. Barua iombe jambo moja. Iseme ni kifungu gani cha mkataba ujao kingeliweka. Iandikwe kwa idara ya masoko, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, na kwa NBC nakala nyingine iende kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia hisa za umma. Na isitumwe baada ya kufungwa na Simba, watu wakiwa na uchungu. Itumwe msimu ukiwa umetulia, mkataba ukiwa na mwaka mmoja na nusu mbele yake, maana wadhamini huanza kujadili kuongeza au kuacha muda mrefu kabla ya siku ya mwisho. Mkataba wa NBC wa 2023 unafika mwisho 2028. Katikati yake kuna AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na mwaka huo kila kampuni itataka kuonekana rafiki wa mpira. Hakutakuwa na wakati mzuri zaidi wa kumwomba rafiki huyo afanye jambo la kirafiki.

Jibu la kwanza likija litasema asante kwa maoni yenu, tunathamini mchango wa wadau. Tusikasirike, ndivyo wanavyoandika. Barua ya pili ndiyo yenye kazi, na hiyo haitoshi kusainiwa na kundi la WhatsApp la watu wenye hasira. Inataka matawi. Inataka mihuri ya matawi ya Coastal na mihuri ya matawi ya African Sports kwenye karatasi moja, kwa sababu benki ikiona upande mmoja tu itadhani ni fitina za mtani. Na kwa anayezijua barabara za Ngamiani, kuwaweka Wagosi wa Kaya wa Coastal na Wana Kimanumanu wa African Sports meza moja wakubaliane aya tatu ni kibarua kigumu kuliko kuifanya NBC ijibu.